Fundi Bomba Hutafutwa Bomba Likiwa Zima

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mama mmoja wa Kimara amebadilisha mafundi watatu na choo chake bado kinatiririsha maji usiku kucha. Kijana aliyemaliza nyumba Goba hajui ampe nani kazi ya kuunganisha simtanki. Mpangaji wa Mbagala alitoa hela ya vifaa asubuhi, na mpaka leo fundi hapokei simu. Wote wanauliza: fundi bomba anayejua kazi, asiye na longolongo, anapatikana wapi?

Nawajibu kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko nilikojenga, ndiko nilikoharibiwa na ndiko nilikotengenezewa. Aliye Mwanza au Tanga atabadilisha jina la mamlaka ya maji na bei za dukani. Hatua ni zile zile.

Tabu kubwa ni kwamba tunamtafuta fundi saa mbili usiku, maji yakiwa yameshafika sebuleni. Saa hiyo huchagui, unaokota. Anayekuja anaona hofu yako kabla hajaona bomba, na bei inapanda hapo hapo. Kwa hiyo karibu kila nitakachosema kinafanyika siku ambayo hakuna kinachovuja.

## Kabla ya kumpigia yeyote

Lijue kwanza tatizo lako. Haya hayahitaji ufundi:

- Valvu kuu. Nyumba nyingi zenye tangi zina mbili: moja karibu na mita, nyingine kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki. Watu hukimbilia ya mita, wanaifunga, na maji ya tangi yanaendelea kumwagika. Zijue zote mbili, na kila mtu mzima nyumbani azijue.
- Mita. Acha tangi lijae mpaka floti ifunge. Funga koki zote, kisha kaitazame mita. Kama kile kigurudumu kidogo bado kinazunguka, maji yanapotea mahali baada ya mita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hesabu mwenyewe.
- Tangi la choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi la kuflashia, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani haufungi. Ni kazi ndogo na kifaa cha bei ndogo. Asije mtu akakuuzia choo kizima.
- Picha. Piga picha ya sehemu yenye shida, na ya maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe. Fundi akiiona atajua abebe nini, nawe hutalipia nauli mara mbili.

Kama maji yanavuja upande wa barabarani, kabla ya mita, hiyo si kazi ya fundi wako. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji. Kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Na asikudanganye mtu kwamba anaweza kukuunganishia, kukuhamishia mita au kukurudishia maji yaliyokatwa kwa "bei ya kishkaji". Hao ndio tunaowaita vishoka. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inahesabu kujiunganishia maji kinyemela kuwa kosa. Siku ya ukaguzi kishoka hatakuwepo, na bomba litakutwa kwenye kiwanja chako.

## Wapi pa kumtafuta

Usianze na namba iliyopakwa rangi kwenye nguzo ya umeme. Huenda mwenye namba ni hodari, lakini namba ile haikuambii lolote juu yake. Anza kwa hawa.

Fundi marumaru. Huyu ndiye ninayemwamini kuliko wote, na watu wachache sana humuuliza. Bomba likivuja nyuma ya ukuta wa bafu, yeye ndiye huitwa kubandua marumaru na kuzirudisha. Anajua kazi ya nani inabomolewa kila mara na ya nani haijawahi kuguswa. Usimuulize, "Unamjua fundi bomba?" Atakutajia rafiki yake. Muulize, "Ukijenga kwako, bomba utampa nani?" Utaona anavyofikiri kabla ya kujibu.

Nyumba inayojengwa mtaani kwako. Omba ruhusa, ingia kabla ya plasta. Tazama kama mifereji ya ukutani imechongwa kwa mstari au ukuta umetobolewa ovyo. Halafu tazama ncha za mabomba. Fundi makini huziba kila ncha ili mchanga na saruji visiingie. Ukikuta ncha ziko wazi huku wenzake wanarusha plasta, endelea na safari yako.

Jirani. Muulize jirani ambaye kazi ya bomba nyumbani kwake imeshatimiza mwaka au zaidi. Sifa za wiki iliyopita hazina uzito, kwani bomba baya huanza kujitangaza baada ya miezi.

Muuza vifaa vya ujenzi. Anawajua mafundi wote wa eneo lake, anajua nani hurudisha vifaa vilivyobaki na nani ana madeni. Lakini kumbuka kuna maduka yanayompa fundi "cha juu" kwa kila mteja anayemleta. Mwenye duka akupe jina tu; uthibitisho katafute kwingine.

Andika majina matatu, yasiwe moja. Fundi mzuri ana kazi nyingi, na siku utakayomhitaji huenda yuko Kibaha.

## "Je, lazima awe na cheti?"

Cheti cha VETA ni jambo jema, na kinaonyesha kwamba mtu amefundishwa akapimwa. Lakini wengi wa mafundi bora ninaowajua walianza kama saidia fundi wakiwa vijana, wakajifunza kwa mikono. VETA yenyewe inalitambua hilo: ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Kwa hiyo ukimpata fundi mzuri asiye na karatasi, usimkimbie. Mweleze habari ya utaratibu huo.

Mimi nataka kuona kazi mbili zilizofanyika: moja ya mwaka huu, na moja ya zamani. Na nizungumze na mwenye nyumba yeye fundi akiwa hayupo. Maswali yangu kwa mwenye nyumba ni matatu tu: Alikuja siku aliyosema? Bei ilibadilika njiani? Ulipompigia baada ya kumlipa, alirudi?

Hilo la tatu ndilo linalobeba uzito.

## Siku ya kwanza anapokuja

Mwite aje aone, umlipe nauli yake hata msipokubaliana. Anayekutajia bei kwa simu bila kuona kazi anabahatisha, na hasara ya kubahatisha kwake utaibeba wewe.

Nikusimulie jambo moja. Choo changu cha ndani kilikuwa kinaziba kila baada ya wiki mbili. Mafundi wawili walikuja, wote wakashauri ninunue choo kipya. Mmoja alishataja na bei ya kukibeba. Kisha nikaelekezwa kwa mzee mmoja. Alipofika hakufungua hata mfuko wake wa spana. Alizunguka nje, akafunua kifuniko cha chemba, akachuchumaa. Akaniambia, "Mwanangu, nenda kamwage ndoo nzima chooni, uimwage kwa mkupuo." Nikamwaga. Akakaa anatazama. Nilipotoka nikamkuta bado anatazama, maji yakiingia kwenye chemba taratibu kama uji. "Choo chako kizima," akasema. "Bomba ndilo limelala."

Lilikuwa limelazwa bila mteremko wa kutosha. Bomba la inchi nne la maji machafu linataka kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Langu, kwa mita sita, lilikuwa halijashuka hata sentimita nne. Mzee akafukua, akalilaza upya kwa kamba na pima maji, na choo kile kile ninacho hadi leo.

Hivyo ndivyo unavyompima fundi: anatazama kabla ya kushauri, na anauliza. Maji yako ni ya bomba au ya kisima? Nyumba ina umri gani? Mabomba ni ya chuma au ya plastiki? Tangi liko juu kiasi gani? Swali la kisima si la kupoteza muda, maana visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hula mabomba ya chuma kwa ndani bila wewe kuona kitu. Na la urefu wa tangi lina maana kubwa kwa wanaolalamikia shawa dhaifu. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa baa 1. Tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya shawa linakupa baa 0.3 tu, na hakuna fundi duniani wa kubadilisha hilo kwa kukaza koki. Ama uinue tangi, ama ufunge pampu ndogo baada ya tangi. Nasema *baada ya tangi*. Anayetaka kukufungia pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka mkatalie. Pampu hiyo huvuta kwa nguvu, na penye ufa njiani itavuta na maji machafu yaliyo ardhini.

## Mpe kazi ndogo kwanza

Usimkabidhi nyumba nzima mtu usiyemjua. Mpe koki ya jikoni, floti ya tangi, au valvu moja iliyoganda. Kisha tazama: alifika saa ngapi, alifunga maji kabla ya kufungua, alisafisha alipochafua, alirudisha chenji bila kuombwa? Akipita hapo, mpe bafu. Akipita bafuni, mpe nyumba.

## Hela

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Kanuni yangu ni kwamba hela ya vifaa na hela ya ufundi zisikae mfuko mmoja.

1. Fundi aandike orodha ya vifaa: jina, kipimo, idadi. Si "mabomba na vikorokoro". Aandike elbo za robo tatu ngapi, tii ngapi, tepu nyeupe za nyuzi ngapi.
2. Peleka orodha hiyo kwenye maduka mawili, uulize bei mwenyewe.
3. Nenda dukani pamoja na fundi, wewe ndiye ulipe. Chukua risiti, na mkubaliane na mwenye duka kwamba vilivyobaki vikiwa vizima vitarudishwa.
4. Bei ya ufundi iandikwe peke yake, ikitaja kazi yenyewe, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, nani anamlipa saidia fundi, na nani anarudishia ukuta utakaobomolewa. Hili la ukuta husahaulika kila mara, na ndilo huleta ugomvi.
5. Lipa kwa simu kila inapowezekana. Ule ujumbe wa malipo ni ushahidi.

Kazi ya siku moja haina kianzio. Toa nauli na chakula, malipo yaje maji yakishatoka. Kazi ya wiki mbili ni tofauti. Fundi ana watoto, hawezi kukaa wiki mbili kwa ahadi. Igawanye: mlipe hatua inapokamilika, siyo siku zinapopita. Mabomba ya ukutani yamejaribiwa, lipa. Maji machafu yameunganishwa, lipa. Vyombo vimefungwa, lipa. Bakiza kiasi fulani, mlichokubaliana tangu mwanzo, mpaka nyumba itumike kwa wiki moja.

Wengine mtasema, "Nikimwandikisha ataona simwamini." Fundi aliyezoea kazi nzuri atafurahia karatasi, kwa sababu naye ameshadhulumiwa na wenye nyumba wanaoongeza kazi njiani bila kuongeza hela. Anayekasirika kwa kuombwa saini ameshakujibu.

Kuhusu bei ya chini kabisa: ukipata makadirio matatu na moja likawa nusu ya mengine, usishangilie. Muulize nini hakimo. Mara nyingi utakuta valvu za kila chumba zimeondolewa, bomba la hewa la maji machafu halipo, na bomba limechaguliwa lenye ukuta mwembamba.

## Wakati wa kazi, tazama haya

Huhitaji kusimama juu ya kichwa cha fundi. Pita mara mbili tatu kwa siku.

- Maandishi ubavuni mwa bomba la plastiki liitwalo PPR. Kwa maji ya moto tafuta PN 20. PN 10 ni la maji baridi. Usikubali "yote sawa tu".
- Jua. PPR inayopanda nje kwenda kwenye tangi huliwa na jua. Ifunikwe au ipakwe rangi.
- Valvu kwa kila chumba. Bafu liwe na yake na jiko liwe na yake, ili koki moja ikiharibika nyumba nzima isikose maji.
- Mtego wa maji chini ya sinki na beseni. Ni ile sehemu iliyopinda inayobaki na maji ili harufu isirudi. Pasipo na mtego, utanunua manukato bure.
- Gundi ya PVC ipewe saa zilizoandikwa kwenye kopo lake kabla maji hayajapitishwa.

Na sasa lile lililonigharimu mimi. Nilikuwa na haraka ya kuhamia. Fundi wa wakati ule, kijana mchangamfu, aliniambia, "Bosi, hiyo imetoka hiyo, hamna shaka." Plasta ikapigwa, marumaru zikabandikwa. Wiki ya tatu, rangi ya ukuta wa chumba cha watoto, upande wa pili wa bafu, ikaanza kuvimba kama malengelenge. Nilipoigusa ikapasuka, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tulibandua marumaru kumi na nne kufikia elbo moja. PPR huunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi. Bomba la milimita 20 hushikiliwa humo kama sekunde 5, la milimita 25 kama sekunde 7, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa mpaka lipoe. Ile elbo ilikuwa haikuiva. Ilishikamana upande mmoja tu. Ungeitazama kwa macho kabla ya plasta, usingeona kitu. Ila ingejaribiwa kwa maji ingejitangaza siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nawasihi sana: bomba lisifunikwe kabla ya kujaribiwa. Mwambie fundi azibe ncha zote na ajaze maji. Kisha atie msukumo kwa pampu ya majaribio, ile ya mkono yenye saa ya kuonyesha msukumo. Kama hana, akodishe. Iingie kwenye makadirio. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja. Acha usiku kucha, asubuhi mwende wote wawili mkatazame. Ukiridhika piga picha ya kila ukuta ukiwa wazi, na futi ya kupimia ikionekana. Siku utakapotaka kutundika kabati utajua bomba limepita wapi.

## Dalili za kuachana naye mapema

- Anataka hela yote ya vifaa mkononi mwake na hataki mwende wote dukani.
- Anamsema vibaya kila fundi aliyemtangulia, lakini hakuonyeshi kosa liko wapi.
- Anaanza kubomoa kabla ya kufunga maji.
- Kila jibu lake ni "usijali".
- Kazi imefikia nusu, ameanza kazi ya mtu mwingine na anakutumia saidia fundi peke yake.

Akishindwa kazi, mlipe alichofanya, mwandikishane kwamba mmemalizana. Akitoroka na hela, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na karatasi yako na ujumbe wa malipo. Pasipo na karatasi itakuwa neno lako na neno lake, na mwenyekiti hawezi kukusaidia sana.

## Kwa wanaoishi peke yao, na kwa wapangaji

Dada zangu wengi wananiambia fundi akiona hakuna mwanaume nyumbani, bei hubadilika. Mwite mchana, na jirani au ndugu awepo, na orodha ya vifaa uwe umeshaiulizia bei. Anayeona umeshajua bei ya elbo hupunguza maneno.

Mpangaji, usitengeneze kitu kwa hela yako kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Mkubaliane ni kiasi gani kitakatwa kwenye kodi, umpelekee risiti. Wengi wametengeneza kwa nia njema na hawakurudishiwa hata senti.

## Ukimpata, mtunze

Mlipe siku ile ile. Mpigie hata siku ambayo huna shida. Mpeleke kwa majirani zako. Fundi anayekuja kwako saa nne usiku mvua ikinyesha, anakuja kwa sababu hujawahi kumzungusha kwenye hela yake. Mzee wangu wa chemba aliwahi kuniambia ana wateja anaowafuata usiku na wateja ambao simu yao anaiacha iite, na sababu si umbali.

Kabla hujalala leo, nenda kaizungushe ile valvu kuu. Kama imeganda na haifungi, usiilazimishe kwa spana. Hiyo ndiyo kazi ndogo ya kumpa fundi wa kwanza kwenye orodha yako, kesho asubuhi, wakati nyumba bado kavu.